Barabara ikijengwa, ramani ya mtoto nayo ibadilishwe

Ni Jumatatu, saa 12:20 asubuhi, kwenye mataa ya Mwenge jijini Dar es Salaam. Mama wa watoto wawili anatoka Mbezi Beach kuwapeleka wanawe shule Sinza. Njia hii ameipita kwa miaka. Anajua shimo liko wapi, anajua mahali pa kuhama njia kabla daladala hazijaanza kuchomekea, anajua hata taa ya kulia inachelewa kiasi gani. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine unapokea kikombe cha uji kutoka kwa mdogo aliyekaa nyuma. Macho yanafuata mshale mweupe uliochorwa kwenye lami: kata kulia, ingia Sam Nujoma.

Mshale upo palepale. Njia yake imehama.

Usiku, familia ikiwa imelala, wajenzi walisogeza koni. Upande wa pili wa barabara umefungwa ili uchimbwe, na ile sehemu iliyokuwa ya kukata kulia sasa inapitisha magari yanayotoka mjini kwenda Tegeta. Mama anaingia kwa kujiamini, na mbele yake inatokea daladala imewasha taa zote, konda anapiga bodi kwa kiganja. Breki. Uji unamwagika kitini. Hakuna aliyeumia. Yanarushwa matusi mawili matatu ya dirishani, trafiki anakuja kumsaidia kurudi nyuma, foleni nzima inapiga honi. Mkubwa, mwanafunzi wa darasa la tano, anauliza kwa sauti ndogo: “Mama, si mshale umesema tupite huku?”

Kisa cha namna hii, kwa sura moja au nyingine, anakijua kila mzazi aliyewahi kuendesha gari kwenye makutano yanayojengwa. Kikiisha salama, hugeuka hadithi ya kuchekesha ofisini. Lakini mtoto hakukosea. Mshale ulisema hivyo kweli.

Si usumbufu wa wiki moja

Wakazi wa Dar es Salaam wameishi na koni kwa miaka mingi sasa. Kulikuwa na TAZARA, ambako daraja la juu lililopewa jina la Mhandisi Patrick Mfugale lilifunguliwa Septemba 2018. Kulikuwa na Ubungo, ambako jiwe la msingi liliwekwa Machi 2017 na daraja la ngazi tatu, ambalo sasa linaitwa Kijazi, likafunguliwa Februari 2021. Barabara za mwendokasi nazo zimesonga awamu kwa awamu tangu ile ya kwanza ya Kimara ianze kubeba abiria Mei 2016: Mbagala, Gongo la Mboto, kisha awamu ya nne inayopita Ali Hassan Mwinyi na Bagamoyo hadi Tegeta, pamoja na tawi lake la Sam Nujoma kati ya Mwenge na Ubungo.

Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2017 alikuwa darasa la tano siku Ubungo inafunguliwa. Hiyo ni zaidi ya nusu ya shule ya msingi, na muda wote huo njia ya kwenda shule ilikuwa kitu kinachobadilika. Mzazi anayesema “tuvumilie, wataisha” anasema kweli, ila uvumilivu huo unaweza kuchukua miaka minne.

Kwa nini njia inahamahama

Wengi hudhani mkandarasi anasogeza koni kwa kubahatisha. Ukweli ni kwamba makutano kama Mwenge hayawezi kufungwa yote kwa pamoja, maana hakuna pa kuyapeleka magari ya Tegeta, Ubungo, Mikocheni na mjini. Kwa hiyo kazi hugawanywa vipande. Magari yanasukumwa upande mmoja ili upande wa pili uchimbwe. Bomba la maji linahamishwa, nguzo za umeme zinang'olewa na kusimikwa mbali zaidi, nyaya za simu zinazikwa upya, mtaro unajengwa, kifusi kinamwagwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, ndipo lami inafuata. Upande huo ukikamilika, magari yanahamia juu yake na kijiko kinageukia upande wa kwanza. Kwenye barabara ya mwendokasi kuna pia njia za katikati, ambazo ni za zege, na zege haikubali haraka: lazima iachwe ikomae kabla ya kubebeshwa gari.

Kila hatua ina mchoro wake wa njia. Mhandisi anao mchoro huo mezani. Mzazi anaukuta barabarani, alfajiri, akiwa na watoto nyuma.

Mpangilio mzuri humwandaa dereva mapema. Kwanza kibao cha pembetatu chenye mtu anayechimba, kikiwa mbali kabla ya kazi yenyewe. Kisha kibao cha mwendo. Kisha koni au mapipa yanayobana njia kidogo kidogo, si ghafla, halafu nafasi tupu kati ya magari na mafundi. Mambo yakiharibika, mara nyingi ni kwa sababu kimojawapo kimekosekana au kimefichwa. Kibao kimeegemezwa nyuma ya mwamvuli wa muuza vocha. Koni tatu zimegongwa na lori usiku na hakuna aliyezisimamisha. Nguzo za taa za barabarani ndizo zilizong'olewa kwanza, kwa hiyo saa 12 asubuhi pale ni giza tupu, na vumbi la kifusi limepaka vibao vyote rangi moja.

Kinachodanganya zaidi, hata hivyo, ni michoro ya zamani. Rangi ya lami hukaa miaka. Mchoro wa muda ukipakwa bila kuufuta wa zamani, lami inakuwa na kauli mbili, na kila dereva anachagua yake. Hata pale mchoro wa zamani ulipozibwa kwa rangi nyeusi, mvua ya usiku na taa za magari huufanya ung'ae tena kana kwamba umepakwa jana. Wakati wa masika na vuli hilo huonekana wazi: madereva wawili, njia moja, kila mmoja ana mstari wake.

Pale rangi na koni zinapopingana, koni ndiyo yenye habari mpya. Pale koni na trafiki wanapopingana, trafiki ndiye wa kufuatwa, hata kama taa iliyo juu yake inawaka nyekundu. Na pale hakuna koni, hakuna trafiki, na mistari miwili inakatizana, gari lipunguze mwendo hadi liweze kusimama ndani ya mita zile ambazo dereva anaziona.

Mwenyeji ndiye anayenaswa

Mgeni akifika Mwenge anatambaa. Anasoma kila kibao, anauliza, anapigiwa honi, anaomba msamaha. Anakera, lakini yuko macho. Mwenyeji ndiye anayeendesha kwa kumbukumbu, na kumbukumbu haina macho. Ubongo wa mtu aliyepita njia moja mara elfu huacha kuitazama. Unaona kile unachotarajia kuona, na pengo lililo kati ya matarajio na barabara halisi ndilo linalomeza magari.

Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kumpokea mtoto kikombe, au kutupia jicho ujumbe wa kundi la wazazi kuhusu michango ya mahafali, huchukua sekunde tatu bila mtu kujua. Hizo ni mita zaidi ya 40 za kuendesha bila kuangalia, mahali ambapo njia inaweza kupinda ndani ya mita 20. Kusimamisha gari la kawaida lenye mwendo huo kwenye lami kavu kunahitaji takribani mita 25, ukijumlisha muda wa dereva kushtuka na muda wa breki kushika. Kwa kilomita 30 zinahitajika chini ya nusu ya hizo. Na lami ya ujenzi si kavu wala si safi: ina mchanga, ina kokoto, ina tope lililoburutwa na matairi ya malori.

Shirika la Afya Duniani linasema kila asilimia moja ya ongezeko la wastani wa mwendo huongeza kwa takribani asilimia nne hatari ya ajali yenye kifo. Shirika hilohilo linasema anayetumia simu akiendesha yuko karibu mara nne zaidi kwenye hatari ya kupata ajali. Takwimu hizo ni za barabara kwa ujumla. Kwenye makutano yaliyochimbwa, ambako nafasi ya kukwepa imezibwa na zege upande mmoja na shimo upande wa pili, dereva hana pa kufichia kosa lake.

Ramani ya simu nayo ina kikomo. Inaweza kujua kwamba kuna foleni, lakini haijui kwamba koni zilisogezwa saa 8 usiku. Inapomwambia dereva “kata kulia sasa” na kulia kuna mtaro wa futi kadhaa, aamini mtaro.

Kuna kosa jingine la wenyeji ambalo gharama yake haionekani hadi litokee. Dereva anagundua kwamba ameipita njia yake. Badala ya kusonga mbele, anasimama, anawasha taa za dharura na kuanza kurudi nyuma, au anakatiza kati ya koni mbili kama bodaboda. Kukosa njia kunagharimu dakika kumi au kumi na tano za kwenda kugeuzia mbele. Mtoto atachelewa paredi. Mwalimu wa zamu atamsimamisha pembeni na wenzake wachelewaji. Yote hayo yanavumilika.

Na kuhusu wanaotanua, wale wanaopita pembeni juu ya kifusi ili wakachomekee mbele: kila mtu anawachukia na kila mtu amewahi kuwa mmoja wao. Njia mbili zikibanwa kuwa moja, foleni huenda vizuri zaidi magari yakiingia kwa zamu, moja la huku na moja la kule. Kumzibia mwenzako kwa hasira na watoto wakiwa nyuma kunawafundisha kitu ambacho hakuna mzazi angekiandika kwenye daftari lao.

Ndani ya gari lenyewe kuna mambo machache ya kupangwa kabla ya kufika kwenye koni ya kwanza. Uji unywewe nyumbani, au usubiri hadi gari lipite. Mtoto asikae mbele mapajani mwa mtu, desturi ambayo bado ipo sana mijini. Gari likigonga kizuizi kwa kilomita 50, mtu asiyefunga mkanda hurushwa kwa nguvu sawa na ya kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Hakuna mikono ya mama wala baba inayoweza kumshika mtoto kwa nguvu hizo. Mdogo akae kwenye kiti chake nyuma, mkubwa afunge mkanda nyuma. Kama mkanda wa nyuma umezama chini ya kiti tangu gari linunuliwe, Jumapili ni siku nzuri ya kuutafuta.

Mtoto wa miguu ana ramani yake

Magari yana koni. Anayetembea kwa miguu, mara nyingi, hana kitu. Njia ya waenda kwa miguu ndiyo ya kwanza kuchimbwa na ya mwisho kurudishwa, na katikati ya hapo watu hujitafutia: juu ya kifusi, kando ya kijiko, kati ya bajaji na ukuta wa mabati. Mtu mzima hupima na kuamua. Mtoto hufuata aliyemtangulia.

Watoto wengi wamefundishwa vizuri shuleni na nyumbani: tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, kisha vuka. Kwenye barabara ya njia mbili pana yenye ukuta katikati, wanajifunza haraka jambo la ziada ambalo hakuna aliyewafundisha, kwamba nusu ya kwanza magari hutoka upande mmoja tu. Baada ya miezi michache, mtoto anatazama upande huo mmoja, anavuka hadi katikati, ndipo anageuza shingo. Siku ujenzi unapohamishia magari ya pande zote mbili kwenye nusu moja, mtoto yuleyule, mwenye adabu ileile ya barabarani, anatazama upande wa jana na kukanyaga lami huku gari likitokea upande ambao haujawahi kumletea gari.

Hilo ndilo jambo ambalo mzazi anapaswa kumwambia mtoto kwa maneno mepesi kabisa: pale panapojengwa, gari linaweza kutokea popote. Hata kwenye njia iliyofungwa. Hasa kwenye njia iliyofungwa, kwa sababu ndiko bodaboda zinakopita zikikimbia foleni, na ndiko lori la kokoto linakorudi nyuma. Dereva wa lori hilo hamwoni mtoto aliye nyuma yake. Mlio wa tii-tii-tii unaosikika lori likirudi nyuma maana yake ni simama, usipite, subiri hadi unyamaze.

Urefu nao una maneno yake. Kizuizi cha zege kinafika karibu mita moja, pipa la rangi nyekundu na nyeupe nalo hivyohivyo. Mtoto wa darasa la kwanza akisimama nyuma yake, dereva anaona nywele, kama anaziona. Mtoto anadhani ameonekana kwa sababu yeye anaona taa za gari. Kumfundisha asimame mahali ambapo anaweza kuuona uso wa dereva, si gari tu, ni somo la dakika mbili.

Halafu kuna mashimo. Shimo la kalavati lililochimbwa Ijumaa na kujaa mvua ya Jumamosi linafanana na dimbwi la kawaida. Watoto hupenda madimbwi. Nondo zilizochomoza zinafunikwa na maji hayohayo. Njia za katikati za mwendokasi, zikiwa zimemwagwa zege na bado hazijafunguliwa, zinageuka uwanja laini wa mpira na baiskeli jioni; watoto wanaziona kama zawadi, na pikipiki zinaziona hivyohivyo.

Wazazi wanaowapeleka watoto kwa gari hudhani sehemu hii haiwahusu. Yule mama wa Mbezi Beach naye alidhani hivyo. Asubuhi anawapeleka mwenyewe, lakini mchana mdogo hufuatwa na dada wa nyumbani, na mkubwa hurudi peke yake kwa daladala mbili, akibadilishia Mwenge. Mama hakuwahi kuwa na wasiwasi na hilo. Daladala ya Sinza humshusha upande wa kushoto wa Sam Nujoma, anatembea hatua chache kuzunguka kona, anapanda ya Tegeta upande huohuo. Hakuna barabara kubwa ya kuvuka. Ndivyo alivyomwelekeza mwaka juzi, na ndivyo ramani ilivyokaa kichwani mwake.

Bodaboda, bajaji na gari la shule

Ujenzi ukikolea, wazazi wengi hukimbilia bodaboda, kwa sababu inapenya. Ni kweli inapenya. Inapenya kwenye njia iliyofungwa, juu ya mchanga, kati ya lori na kizuizi, na mara nyingi ikiwa imebeba mshikaki wa watoto watatu, wa mbele akiwa amekalia tangi la mafuta. Pikipiki haihitaji kugongwa ili ianguke kwenye eneo la ujenzi; inatosha tairi la mbele kuingia kwenye ukingo ambapo lami mpya iko juu ya ya zamani kwa sentimita chache. Mzazi asiye na njia nyingine anaweza angalau kukubaliana na dereva mmoja anayemfahamu, mtoto mmoja kwa safari moja, kofia ngumu ya saizi ya mtoto, na mtaa wa kupita uliotajwa kwa jina, hata kama ni mrefu zaidi. Nauli ikipanda kidogo kwa sababu hiyo, ni haki yake dereva.

Kwa gari la shule, swali la kumuuliza dereva si kama ana leseni tu. Ni hili: tangu njia zibadilike, unawashushia watoto wapi, na mlango unafunguka upande gani? Gari la abiria la huku mlango wake uko kushoto, na kushoto ndiko kwenye usalama wa pembeni. Lakini likisimama kwenye njia ya mchepuko iliyopita kando ya eneo linalochimbwa, kushoto kunaweza kuwa na mtaro, na watoto wakazunguka mbele ya gari kuelekea upande wa magari. Dereva mwenye busara hulisogeza gari mbele mita 100 hadi apate mahali panapofaa. Dereva anayefukuzana na muda huwashusha hapohapo. Matroni, kama yupo, ashuke wa kwanza na asimame barabarani kabla ya mtoto yeyote.

Wa kuambiwa ni nani

Barabara kuu za mikoa na za kitaifa ziko chini ya TANROADS, na nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA. Mkandarasi ana wajibu wa kuweka alama, kuzilinda na kumwachia anayetembea kwa miguu mahali pa kupita. Malalamiko ya mzazi mmoja mtandaoni, “hawa watu watatuua”, hupata alama nyingi za kukubaliwa na hakuna koni inayosogea. Barua fupi ya kamati ya wazazi, yenye mhuri wa shule na picha mbili zilizopigwa na mtu aliyesimama pembeni, si aliye kwenye usukani, ina uzito tofauti. Iandikwe mahali hasa, saa hasa, na kitu kinachoombwa: kibao hiki kirudishwe, mshale huu ufutwe, mshika bendera awepo saa 12 hadi saa 2 asubuhi na saa 8 hadi saa 10 jioni shule zinapofungua na kufunga. Nakala iende serikali ya mtaa na kituo cha polisi cha karibu. Hatari ikiwa ya papo hapo, kama kizuizi kimeanguka katikati ya njia usiku, namba ya polisi ni 112.

Wakati mwingine hakuna jibu. Wakati mwingine fundi mmoja anakuja kesho yake na ndoo ya rangi nyeusi, anafuta mshale mmoja, na inatosha.

Jumapili jioni

Siku sita baada ya uji kumwagika, mama yule alimchukua mkubwa wake wakapanda daladala kwenda Sinza, kisha wakarudi kama mtoto anavyorudi siku za shule. Gari aliliacha nyumbani makusudi. Alimwambia mtoto atangulie, yeye atafuata nyuma bila kusema neno, kana kwamba hayupo.

Walishuka Sam Nujoma. Mtoto akazunguka kona kama mama alivyotarajia. Kisha hakusimama. Upande ule uliokuwa na kituo cha Tegeta ulikuwa umechimbwa wote, mabati yamesimama, na daladala za Tegeta zilikuwa zikipita ng'ambo, kwenye nusu ya pili ya barabara, pamoja na magari yanayokwenda mjini. Mtoto alienda moja kwa moja hadi kwenye mwanya kati ya mabati mawili, akajipenyeza ubavuubavu akiwa ameshika begi, akavuka ubao uliowekwa juu ya mtaro, akatokea kwenye ukingo mwembamba wa zege mahali konda husimama na kuita abiria. Magari yalikuwa yanampita kwa umbali wa mkono.

“Hapa ndipo tunapandia, mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu Jumatatu. Siku ile ya uji.”

“Mbona hukuniambia?”

Mtoto alifikiri kidogo. “Hukuniuliza.”

Walirudi kwenye kona, wakamwuliza mama anayekaanga mihogo pale kama kuna mahali pengine. Akawaonyesha: watembee mbele kuelekea Lugalo hadi mabati yanapoishia, pale kuna trafiki asubuhi na jioni na daladala za Tegeta husimama pembeni, si katikati. Mtoto alihesabu hatua kwa sauti. Zilikuwa 412. Mama akamwambia, kuanzia kesho ni huko, hata kama wenzake wanapita kwenye mwanya, na koni zikisogezwa tena amwambie jioni ileile kabla ya kufungua daftari.

“Na wewe, mama,” mtoto akauliza, “ule mshale wameshaufuta?”

Walikwenda kuutazama. Ulikuwa bado upo.